Lord Kelvin: Nadharia ilikufa, mafundo yakabaki

Agincourt, Toronto - Mtaa wetu huu wa Agincourt ulipata posta yake mwaka 1858, ulipokuwa bado kijiji. Mwaka huohuo waya wa kwanza wa telegrafu ulilazwa chini ya bahari ya Atlantiki. Miongoni mwa wataalamu wake alikuwa William Thomson, tunayemfahamu zaidi kama Lord Kelvin.

Thomson alizaliwa Belfast mwaka 1824, na alipofika miaka 22 alikuwa profesa mjini Glasgow. Waya wa 1858 ulikufa baada ya wiki chache, lakini ule wa 1866 ulifaulu naye akapewa cheo cha Sir. Mwaka 1879 waya wa baharini ulifika Zanzibar kutoka Aden.

Mwaka 1872 Thomson alipima kina cha bahari kwa waya wa piano badala ya kamba. Waya una ukaidi wake: ukisokotwa kisha ukalegezwa, hujikunja wenyewe na kufanya kitanzi. Ukiuvuta kwa nguvu, kitanzi hukaza na waya unaweza kukatika.

Hata hivyo, mafundo yaliyomshughulisha zaidi hayakuwa ya waya. Mwaka 1867 rafiki yake, Peter Guthrie Tait, alimwonyesha pete za moshi. Thomson akafikiri kwamba atomu ni pete na mafundo ya namna hiyo ndani ya etha, kitu kilichodhaniwa kujaza ulimwengu wote.

Tait akaanza kuyaorodhesha mafundo. Funga fundo kwenye waya, kisha unganisha ncha zake mbili: je, litafunguka bila kukata? Kufikia 1877 alikuwa ameorodhesha mafundo ambayo waya hujipishana hadi mara 7.

Nadharia yenyewe haikudumu. Jaribio maarufu la Marekani la mwaka 1887 halikuona dalili ya etha, na Thomson mwenyewe aliiacha. Lakini hesabu za mafundo zilibaki. Leo zinawasaidia wanasayansi kuchunguza DNA, ambayo nayo hujifunga mafundo, na mwili una vimeng'enya vya kuikata na kuiunga upya.

Agosti 1897 Kelvin alifika hapa Toronto kwa mkutano wa wanasayansi wa Uingereza. Alifariki mwaka 1907, akazikwa Westminster Abbey karibu na Newton.

Wazazi wenzetu, nyumbani na ughaibuni, tuwasimulie watoto wanaoogopa kukosea hesabu: kazi iliyofanywa kwa makini haipotei, hata wazo lililoianzisha likianguka.