Maisha ya Dakta Robert Koch na Habari ya Nguo za Wagonjwa

Wasomaji wetu wa Isevya hawana haja ya kufundishwa habari za njia ya misafara. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaendelea hata Ujiji. Na wapagazi walioifuata hawakuchukua pembe na vitambaa tu, bali maradhi pia, ndani ya mikeka na matandiko yao. Mmoja wa waliofumbua siri hiyo ni Robert Koch, Mdachi.

Alizaliwa Clausthal tarehe 11 Desemba 1843. Alipokuwa mganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, alichunguza kimeta nyumbani mwake, na mwaka 1876 akaeleza maisha ya kijidudu chake. Mwaka 1882 akatangaza kijidudu cha kifua kikuu. Hayo yajulikana na wengi. Mimi napenda kukaa zaidi katika jambo linaloonekana dogo, yaani nguo chafu.

Zamani zile hospitali zilitia nguo za wagonjwa katika tanuu yenye hewa kavu ya moto. Mwaka 1881 Koch na wenzake walijaribu njia hiyo, wakaona ya kuwa moto ule hupenya polepole mno: nguo za nje ziliharibika, na katikati ya robota vijidudu vilikuwa hai. Lakini mvuke wa maji yachemkayo ulipenya upesi, ukaua hata mbegu ngumu za kimeta.

Mwaka 1883 alitumwa Misri, kisha Bara Hindi, kutafuta asili ya kipindupindu. Huko Calcutta alikuta bwawa ambamo watu walioga, wakafua, wakateka maji ya kunywa. Nguo za mtu wa kwanza kufa pale zilifuliwa bwawani humo. Naye Koch aliviona vijidudu katika maji yale. Akaona tena ya kuwa juu ya nguo zenye unyevu huongezeka upesi sana, bali vikikauka kabisa hufa. Kwa hiyo ikafahamika kwa nini wafuaji wa nguo za wagonjwa waliugua wao wenyewe. Yeyote amwuguzaye mzee nyumbani aifikiri habari hii: shuka iliyochafuka, ikikunjwa mbichi na kuachwa pembeni hata asubuhi, ni hatari kuliko ile iliyochemshwa mara moja na kuanikwa juani. Na mikono iliyoishika ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Mwaka 1905 alikuwa katika nchi yetu, akichunguza homa ya papasi. Aliwakuta papasi katika udongo mkavu wa vibanda walimolala wasafiri, akaonyesha ya kuwa papasi jike huwarithisha watoto wake ugonjwa kwa njia ya mayai. Akashauri wasafiri wasilale katika vibanda vile, wala wasipige hema mahali pa kambi ya zamani. Mwaka huo huo Dakta Dutton, aliyechunguza homa hiyo hiyo, alikufa kwayo huko Kasongo, katika Kongo.

Haifai kuficha makosa yake. Dawa ya kifua kikuu aliyoitangaza mwaka 1890 haikuponya, na wengi waliokuwa wameitumaini walikufa. Tena katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, aliwapa wagonjwa wa malale dawa ya atoksili; baadhi yao wakapofuka kwa ukali wake. Naona ni vigumu kusoma habari ya Sese bila huzuni, maana watu wale walimjia kwa imani kubwa, nao hawakuelezwa sana hatari iliyokuwamo.

Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1905. Akafa Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, kwa ugonjwa wa moyo, na majivu yake yakawekwa Berlin, katika nyumba ya uchunguzi iliyoitwa kwa jina lake.