MAISHA YA DUKE SLATER, MCHEZAJI ALIYEKUWA JAJI

Mimi ni beki katika timu ya shule yetu hapa Mlali. Likizo iliyopita baba alipoziona alama zangu za hesabu alinikataza mpira hadi zitakapopanda. Sikuwa na la kumjibu. Basi nikaanza kutafuta habari za watu waliocheza mpira kwa malipo wala wasitupe kalamu, na hivyo ndivyo nilivyokutana na maisha ya Duke Slater wa Marekani. Napenda kuwasimulia kwa ufupi.

Jina lake hasa ni Frederick Wayman Slater. Alizaliwa tarehe 9 Desemba, 1898, katika mji uitwao Normal, jimbo la Illinois. Hilo jina la Duke lilikuwa la mbwa wa nyumbani kwao, nalo likamganda hata kufa kwake. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, na mtoto alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi jamaa yote ilihamia mji wa Clinton, jimbo la Iowa.

Yafaa kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana si kandanda yetu. Mpira wa Kimarekani una umbo la yai, nao hushikwa kwa mikono. Kila upande una watu 11, na walio wengi wao husimama mstari mmoja mbele, uso kwa uso na adui. Slater alikuwa mtu wa mstari huo. Siku zile mtu yule yule alishambulia na kulinda: timu yake ikiwa na mpira huwasukuma maadui ili mwenzake apite, na adui akiwa nao huziba njia na kumwangusha mwenye mpira. Ni kazi ya nguvu isiyo na makofi mengi, kama ya beki.

Mchungaji Slater aliuona mchezo huo kuwa wa hatari akamkataza mwanawe. Kijana akacheza kwa siri. Husimuliwa kwamba siri ilifichuka mama alipokuwa akishona nguo zake zilizochanika. Baba akaamuru aache, na kijana akasusa chakula siku kadhaa. Mwishowe mzee alikubali, kwa sharti kwamba mwanawe asiumie. Tangu hapo Duke akiumia alijikaza kimya asijulikane.

Palikuwa na shida nyingine. Katika shule yake kila mchezaji alijinunulia viatu na kofia ya kukinga kichwa, na fedha za mchungaji zilitosha kitu kimoja tu. Duke alichagua viatu, kwa sababu miguu yake ilikuwa mikubwa mno. Basi akazoea kucheza kichwa wazi. Hata alipoingia Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1918 aliendelea hivyo mara nyingi. Tarehe 8 Oktoba, 1921, Iowa iliishinda Notre Dame 10 kwa 7, timu ambayo ilikuwa imeshinda michezo 20 mfululizo. Ipo picha maarufu ya siku ile inayomwonyesha Slater bila kofia, akiwasukuma maadui kadhaa peke yake.

Mwaka 1922 alianza kucheza kwa mshahara. Alichezea Rock Island Independents, kisha kwa muda mfupi Milwaukee Badgers, akarudi Rock Island, na tangu 1926 hadi 1931 akawa na Chicago Cardinals. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika mstari wa mbele wa ligi ile kubwa. Mwaka 1924 timu yake ilipokwenda Kansas City, katika jimbo la Missouri, hakuruhusiwa kucheza kwa ajili ya rangi yake, na wenzake wakafungwa. Waliporudiana Rock Island, Slater akiwamo, walishinda 17 kwa 0. Miaka mingine ya baadaye alikuwa mweusi pekee katika ligi nzima. Tarehe 28 Novemba, 1929, mwenzake Ernie Nevers alipata pointi zote 40 walizowafunga Chicago Bears. Jina la Nevers lingali katika vitabu vya rekodi, lakini Slater alikuwa miongoni mwa waliomfungulia njia, naye alicheza dakika zote 60.

Sasa nafika kwenye jambo lililonigusa zaidi. Mchezo ulipopumzika kila mwaka, Slater hakukaa kijiweni akisifiwa. Alirudi Iowa kusoma sheria, na mwaka 1928, akiwa bado mchezaji, alipata shahada yake. Alipostaafu alifanya kazi ya uwakili mjini Chicago, na pia akafundisha timu za watu weusi, ambao tangu 1934 hadi 1945 ligi haikuwa na hata mmoja wao. Mwaka 1948 alichaguliwa kuwa hakimu wa Mahakama ya Mji wa Chicago. Mwaka 1960 akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Wilaya ya Cook.

Alifariki tarehe 14 Agosti, 1966, kwa ugonjwa wa saratani. Heshima nyingine zilichelewa: jina lake liliingizwa katika jumba la mashujaa wa mpira wa kulipwa kwa uteuzi wa mwaka 2020, na mwaka 2021 chuo chake kikauita uwanja wake kwa jina lake.

Wanafunzi wenzangu, miguu ya Slater ilimlisha miaka 10, lakini kalamu ilimlisha zaidi ya miaka 30. Nanyi wazazi wetu, baba yake Slater alikuwa na haki ya kuogopa, tena alikuwa na hekima ya kulegeza.

Baba yangu husoma gazeti hili kila muhula. Napenda ajue kwamba sitaiga ule ususi wa chakula, kwani ugali na mlenda wa mama si vitu vya kususia. Nitaleta kwanza alama za hesabu, ndipo niombe ruhusa ya viatu.