Imam Abu Hanifa: Muuza Nguo Aliyekataa Kiti cha Kadhi



Wengi wetu tunashinda kazini. Wako walioandikwa kazi juzi, na wako waliokaa meza moja miaka kumi wakingoja kupandishwa cheo. Maswali ya vijana ni yale yale. Nivumilie hapa au nihame? Nitakuwa bosi lini? Na nikipewa kiti kikubwa chenye mashaka ndani yake, nikikalie? Maswali haya hayakuanza leo. Hebu tumtazame mtu aliyeyajibu kwa maisha yake, Imam Abu Hanifa, Mwenyezi Mungu amrehemu.

KIJANA WA SOKONI

Jina lake ni Nuuman bin Thabit. Alizaliwa Kufa, nchi ya Iraq, mwaka 80 Hijria, yaani 699 Miladia, katika ukoo wenye asili ya Uajemi. Alikulia katika biashara ya nguo, akiuza kitambaa cha hariri iliyochanganywa na sufi. Biashara ilikwenda vizuri, na angeweza kutosheka na hapo.

Wapokezi wanasimulia kuwa siku moja Sheikh Shaabi, mwanazuoni mkubwa wa Kufa, alimuona akipita akamuuliza anakwenda wapi. Kijana akajibu kuwa anakwenda sokoni. Mzee akamwambia kuwa anamuona ana akili iliyo macho, na akamshauri akae na wanazuoni. Neno lile likamuingia moyoni. Duka hakulifunga, lakini kuanzia hapo soko halikuwa tena na siku yake nzima.

MIAKA 18 MBELE YA MWALIMU

Katika fiqhi alijifunga na mwalimu mmoja, Hammad bin Abi Sulaiman. Baada ya miaka kama kumi nafsi ikaanza kumsukuma: mbona na yeye asiwe na darasa lake? Alitoka jioni moja na nia hiyo, lakini alipomuona mwalimu wake msikitini akaona haya, akaenda kukaa pale pale alipozoea.

Usiku ule ule Hammad akapata habari ya msiba wa jamaa yake Basra, akasafiri na kumuachia Abu Hanifa nafasi yake. Kwa muda wa miezi miwili yeye ndiye aliyekuwa akijibu. Yalikuja maswali 60 ambayo hakuwahi kuyasikia kwa mwalimu wake. Akayajibu, na kila jibu akaliandika. Hammad aliporudi akaonyeshwa majibu yote. Akakubaliana naye katika 40 na akampinga katika 20.

Fikiria, kijana mwenzangu. Wengine tungejisifu kwa yale 40. Yeye aliyatazama yale 20, akaapa hatamuacha mwalimu wake mpaka kifo kiwatenganishe. Na ndivyo ilivyokuwa. Alikaa naye miaka 18 kwa jumla, mpaka Hammad alipofariki mwaka 120 Hijria (738). Hapo ndipo alipokalia kile kiti, na watu walimkubali kwa sababu ujuzi ulikuwa umetangulia kabla ya cheo.

AMANA DUKANI

Alipokuwa mwanazuoni aliendelea kuwa mfanyibiashara. Safari moja alimpelekea mshirika wake, Hafs bin Abdulrahman, mzigo wenye nguo iliyokuwa na kasoro, akamuagiza amueleze mnunuzi ile kasoro. Hafs akasahau, akauza, na mnunuzi hakujulikana ni nani. Abu Hanifa alipopata habari alizitoa sadaka pesa za mzigo ule zote. Hasara aliibeba mwenyewe, ingawa kosa halikuwa lake.

KIONGOZI ANAYEINUA WENGINE

Darasa lake halikuwa la mtu mmoja kusema na wengine kuitikia. Suala liliwekwa mbele, wanafunzi wakajadiliana, wakampinga, kisha ndipo wakafikia uamuzi. Wanafunzi wake wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad Shaibani, walihitilafiana naye katika masuala mengi, na yeye hakuliona hilo kuwa utovu wa adabu.

Abu Yusuf alitoka nyumba ya kimaskini. Watu wake walimtaka aache masomo akatafute riziki. Imam alipoona hadhuru darasani, akamuuliza sababu, akampa mfuko wa dirham 100 na kumwambia zikimalizika amjulishe. Inasimuliwa kuwa hakuhitaji kusema, kwani kila zilipokaribia kwisha alipewa nyingine. Faida ya duka ilikuwa ikisomesha watu.

KITI ALICHOKIKATAA

Mwisho wa utawala wa Bani Umayya, gavana wa Iraq, Ibn Hubaira, alimtaka ashike kazi ya serikali. Akakataa, akapigwa mijeledi. Wakaja Bani Abbas, na Khalifa Mansur akamtaka awe kadhi. Akakataa tena, akisema hafai. Khalifa akamwambia ni muongo. Imam akamjibu kuwa kama ni hivyo basi jambo limekwisha, maana muongo hawezi kuwa kadhi.

Hakuwa akifanya mzaha. Aliogopa kukalia kiti ambacho kesi ikimgusa mtawala na watu wake hataachwa ahukumu kwa haki. Kwa kukataa huko alitiwa gerezani, na wengi wa wapokezi wanasema humo ndimo alimofia, Baghdad, mwaka 150 Hijria (767).

Je, kazi ya serikali ni mbaya? La. Mwanafunzi wake Abu Yusuf aliikubali, akawa Kadhi Mkuu wa kwanza, zama za Harun Rashid. Kila mmoja alipima kiti, akapima na nafsi yake. Naye Muhammad Shaibani akawa mwalimu wa Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata wengi wetu hapa pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hivyo, mfuko wa dirham na subira ya darasani vimetufikia hata sisi.

Ndugu yangu, dada yangu, ukirudi kazini kesho jiulize mambo matatu. Majibu yangu 20 yenye makosa ni yapi, na nani atanirekebisha? Ni nani hapa ofisini ninayemuinua? Na hiki cheo ninachokitaka, nikikipata nitaweza kusema kweli nikiwa juu yake? Ukiona jibu la hilo la mwisho ni hapana, basi muombe Mola wako akupe kilicho bora kuliko hicho. Milango ya riziki ni mingi, na aliyeifungua mmoja anaweza kuufungua mwingine.

Wabillahi tawfiq.