Victor Hasselblad: Mpenda ndege ambaye kamera zake zilifika mwezini

WAPIGAJI picha wa zama za filamu walikijua vyema kihoro cha kuishiwa na filamu wakati bibi harusi ndio kwanza anaingia ukumbini. Walijua pia adha ya kuwa na filamu ya rangi ndani ya kamera ilhali mteja anadai picha nyeusi na nyeupe. Miongoni mwa waliowapunguzia dhiki hiyo ni marehemu Victor Hasselblad.

Alizaliwa Machi 8, 1906, jijini Göteborg, Uswidi, katika aila ya wafanyabiashara. Kampuni ya ukoo wake, iliyoasisiwa mwaka wa 1841, ilikuwa wakala wa bidhaa za Kodak nchini humo. Angali kijana, Victor alipelekwa Ujerumani, Ufaransa na Marekani kujifunza kazi ya kamera.

Hata hivyo, moyo wake ulikuwa kwa ndege. Mnamo 1935 alichapisha kitabu kuhusu ndege wahamao, chenye picha alizozipiga mwenyewe. Hakuelewana na babake katika masuala ya biashara, hivyo akajitenga na kufungua duka lake la picha mnamo 1937.

Vita Vikuu vya Pili vilimfungulia mlango. Mnamo 1940, Jeshi la Anga la Uswidi lilimtaka aunde kamera mfano wa ile ya Wajerumani iliyokuwa imeangukia mikononi mwao. Akaahidi kuunda iliyo bora zaidi, na kazi ikaanza katika karakana ndogo ubavuni mwa gereji. Babake alipofariki mnamo 1942, Victor alinunua hisa zilizompa usukani wa kampuni ya ukoo.

Mnamo Oktoba 6, 1948, alizindua jijini New York kamera yake ya kwanza kwa raia, 1600F. Lenzi ilichomoka, na kikasha cha filamu cha nyuma kilichomoka vilevile. Kila kikasha kilibeba filamu ya picha 12. Mpigaji picha aliingiza kibati chembamba mbele ya filamu ili isiunguzwe na mwanga, akatoa kikasha hicho na kupachika kingine, hata kama ile filamu ya kwanza haijafika nusu. Hakupoteza picha hata moja.

Lakini ng'ombe hakuwa amevukwa mkia. Shata ya kamera hiyo, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga, ilikuwa dhaifu na iliharibika mara kwa mara. Jina la Hasselblad likawa hatarini kabla halijakomaa. Badala ya kukata tamaa, alitoa 1000F mnamo 1952, kisha 500C mnamo 1957, ambayo shata yake ilihamishiwa ndani ya lenzi. Hiyo ndiyo iliyompa sifa duniani.

Mnamo Oktoba 1962, mwanaanga Walter Schirra aliruka angani na Hasselblad. Miaka saba baadaye, Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin waliitumia kamera ya aina hiyo mwezini. Kwa kuwa kila kilo ilihesabiwa wakati wa kurejea, kamera yenyewe iliachwa huko. Kilichorudi duniani ni kikasha cha filamu pamoja na picha zilizokuwamo. Lau filamu ingekuwa haitengani na kamera, chombo kizima kingelazimika kubebwa, na mawe ya mwezini yangepunguzwa.

Hasselblad aliiuza kampuni yake mnamo 1976 na kuaga dunia Agosti 5, 1978. Yeye na mkewe, Erna, hawakujaliwa mtoto. Mali yake iliasisi wakfu ambao tangu 1980 hutuza wapigaji picha mashuhuri. Afrika nayo imeonja matunda hayo: Malick Sidibé wa Mali alituzwa mnamo 2003, naye David Goldblatt wa Afrika Kusini akafuatia mnamo 2006.