Edgar Codd: Aliyempa Kila Mtoto Ufunguo wa Mzazi Wake

Majuzi hapa Rockville nusura nichanganyikiwe. Natengeneza hifadhidata ya visima vya Nyanda za Juu Kusini kwa ajili ya tasnifu yangu. Orodha za zamani zinasema Mbozi iko mkoa wa Mbeya. Za karibuni zinasema iko Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mimi nikaingiza zote! Visima vya Mbozi vikahesabiwa mara mbili. Katika kurekebisha nikaharibu zaidi: kwa haraka zangu nikaandika kwamba mzazi wa Mbozi ni Mbozi yenyewe. Programu ikazunguka kama ngamia wa kinu mpaka nikaizima.

Profesa wangu hakunigombeza, alinituma tu nikamsome Codd. Basi nikawa namsoma kwenye treni, Red Line kutoka Rockville hadi Fort Totten, kisha Green Line hadi College Park.

Edgar Frank Codd alizaliwa tarehe 19 Agosti 1923 kwenye kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza. Alisoma hisabati na kemia Oxford, na wakati wa Vita Kuu ya Pili akawa rubani wa jeshi la anga. Mwaka 1948 alivuka bahari hadi New York, akawa mtunzi wa programu IBM. Mwaka 1953, Seneta McCarthy alipokuwa anawaandama watu kwa tuhuma za ukomunisti, Codd alichukizwa, akafungasha virago kwenda Ottawa, Kanada. Alirudi Marekani 1957. Udaktari wake aliupata Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1965, umri umeshavuka miaka 40. Nyie mnaoulizwa na wazee nyumbani masomo yataisha lini, mna mwenzenu!

Siku zile data nyingi zilipangwa kama mti. IBM yenyewe ilikuwa na mfumo wa namna hiyo, IMS, uliotengenezwa kwa ajili ya safari za mwezini za Apollo. Kulifikia jani ilibidi programu ijue njia yote kutoka shinani. Ukibadilisha mti, programu zinakwama.

Mwaka 1970, akiwa San Jose, Codd alichapisha makala iliyogeuza mambo. Mfano wake ulikuwa mfanyakazi mwenye historia ya kazi, ndani yake historia ya mishahara, na pembeni watoto. Alichofanya ni kuuvunja mti: kila tawi likawa jedwali lake, na kila mstari wa mtoto ukabeba ufunguo wa mzazi. Yaani undugu unaandikwa waziwazi, haufichwi kwenye njia.

Hapo mashine inaweza kuamriwa ikatae mtoto asiye na mzazi, na ikatae kuifuta Songwe wakati Mbozi bado imeishikilia. Mbozi ikihama mkoa, unabadilisha mstari mmoja tu na visima vyote vinafuata.

Lakini mbona kosa langu lilipita? Kwa sababu Mbozi ipo kweli, kwa hiyo mashine iliridhika kwamba mzazi yupo. Kuzuia mtu asijizae ni sheria nyepesi. Kigumu ni duara refu, A chini ya B na B chini ya A, maana lazima upande ngazi mpaka juu kulikagua. Mwishowe nikafuata mfano wa Codd: mikoa jedwali lake, wilaya lake, kata lake. Wilaya haiwezi tena kuwa mzazi wa wilaya, na duara halina pa kupita.

IBM ilijivuta, maana IMS ilikuwa inaingiza hela. Oracle wakawahi sokoni mwaka 1979. Codd alipewa Tuzo ya Turing 1981. Mwaka 1985 alitoa kanuni zake maarufu, mojawapo ikitaka sheria za usahihi zikae ndani ya hifadhidata, zisiachiwe kila programu. Hiyo ilinigusa, kwa kuwa nilikuwa tayari nimeanza kuandika ukaguzi kwenye programu yangu, ambayo mtu mwingine angeweza kuiruka. Alifariki Florida tarehe 18 Aprili 2003, akiwa na miaka 79.

Labda mtasema ni mambo ya kompyuta tu. Lakini kisima kikihesabiwa mara mbili, kwenye karatasi kijiji kina maji ya kutosha, bajeti inapelekwa kwingine, na mama anaendelea kubeba ndoo. Kwa hiyo wenzangu mnaoshughulika na orodha za shule, zahanati au barabara za nyumbani, kagueni mikoa yenu kabla ya kujumlisha. Mimi jumla yangu ilipungua, ila sasa naiamini.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.