Hermann Vogel: Aliyelifumbua Jicho la Kamera

Askari anayetumwa kupeleleza huonywa aripoti alichokiona, asiongeze wala asipunguze. Picha nayo ni ripoti. Lakini kwa zaidi ya miaka 30 tangu upigaji picha ulipotangazwa mwaka 1839, ripoti hiyo ilikuwa na kasoro kubwa: bamba la picha liliona buluu na zambarau, likawa kama kipofu mbele ya kijani, manjano na nyekundu. Ua la manjano lilitoka jeusi, na mbingu ya buluu ikatoka nyeupe tupu, isiyo na wingu. Leo twasimulia maisha ya mtu aliyeanza kuiponya kasoro hiyo.

Hermann Wilhelm Vogel alizaliwa tarehe 26 Machi, 1834, huko Dobrilugk, mji mdogo wa Prussia, katika nchi iitwayo leo Ujerumani. Alisomea kemia, na mwaka 1863 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen kwa utafiti juu ya namna mwanga unavyozibadili chumvi za fedha. Mwaka uliofuata alianza kufundisha upigaji picha katika chuo cha ufundi mjini Berlin, akaanzisha na jarida la fani hiyo. Wakati huo wengi waliiona kazi ya picha kuwa ya mafundi wa mitaani tu. Vogel aliifanya kuwa elimu ya darasani.

Hakuwa mtu wa kukaa kitini. Mwaka 1868 alisafiri na wataalamu wenzake hadi Aden, bandari ijulikanayo sana na mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki. Huko, tarehe 18 Agosti, jua lilipopatwa, walizipiga picha ndimi za moto zinazochomoza pembeni mwa jua. Kazi ya namna hiyo haina marudio: giza hudumu dakika chache tu, na mwenye kuzembea hurudi mikono mitupu.

Mwaka 1873 ndipo jambo kubwa lilipotokea. Vogel alikuwa akiyapima mabamba yaliyotoka Uingereza kwa kuyaangazia mwanga wa jua uliochambuliwa katika rangi zake. Aliona ajabu: mabamba hayo yalishika kijani kuliko buluu. Mtu mwingine angedhani amekosea, akayatupa. Yeye aliuliza sababu. Alikuta kwamba watengenezaji walitia rangi ya manjano ili mwanga usitawanyike ndani ya kioo. Alipoiosha rangi hiyo, uwezo ule ukatoweka. Basi akafahamu kwamba rangi inayonyonya mwanga fulani huifundisha chumvi ya fedha kuuona mwanga huo huo.

Wako wataalamu waliompinga, hata Marekani. Lakini mwaka 1874 Edmond Becquerel wa Ufaransa alithibitisha jambo hilo, na mwaka 1875 afisa wa jeshi aliyekuwa katika idara ya upimaji ramani nchini India, James Waterhouse, aligundua kwamba rangi iitwayo eosini hufanya kazi hiyo vizuri. Twafurahi kumtaja mwanajeshi huyo, kwa maana hakuisubiri Ulaya imfanyie majaribio. Hivyo yakapatikana mabamba ya othokromatiki, yaonayo kijani na manjano, lakini yasiyoona nyekundu. Vogel aliendelea kufundisha. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Alfred Stieglitz, mpigapicha mashuhuri wa Marekani. Alifariki tarehe 17 Desemba, 1898, akiwa na umri wa miaka 64. Mrithi wake chuoni, Adolf Miethe, ndiye aliyesaidia kuleta mabamba yaonayo hata nyekundu.

Filamu za othokromatiki bado zatengenezwa, hata katika vipande vya inchi 4 kwa 5 vya kamera kubwa. Kwa kuwa hazioni nyekundu, mpigapicha aweza kuzisafisha chini ya taa nyekundu, akaitazama picha ikijitokeza na kuitoa katika dawa kwa wakati ufaao. Hata hivyo taa ijaribiwe kwanza: weka sarafu juu ya kipande cha filamu chini ya taa hiyo kwa dakika chache, kisha ukisafishe. Umbo la sarafu likionekana, taa yavujisha mwanga mbaya. Tena, mwanga wa jioni au wa taa ya balbu una buluu kidogo. Filamu yenye kasi ya 80 mchana huhesabiwa 40 chini ya balbu.

Filamu hiyo yafaa sana kunakili ramani na hati za wino mweusi. Lakini tahadhari! Damu, muhuri mwekundu na wino mweusi vyote hutoka vyeusi, na ngozi ya kahawia huzidi weusi kuliko ilivyo. Polisi akitumia picha hiyo kumtambua mtu, au kudai kwamba doa fulani lilikuwa la oili, asiye na hatia aweza kuhukumiwa. Kwa hiyo andika nyuma ya kila picha aina ya filamu iliyotumika, na rangi za vitu uziandike katika daftari papo hapo. Vogel aliichunguza kasoro ya shahidi wake kabla ya kumwamini. Nasi tufanye vivyo hivyo.