Fausto Coppi na Hesabu ya Nguvu

Msafiri anayeshuka kutoka Makambako kwa barabara kuu iendayo Zambia hufika Igawa, penye daraja la Mto Mbarali, karibu na ukomo wa Mikoa ya Mbeya na Iringa kama ilivyokuwa kabla Njombe haijafanywa mkoa mwaka 2012. Hapo ndipo Usangu inapofunguka na mashamba yake ya mpunga. Tuliposimama hapo hivi karibuni tuliwatazama vijana wawili waliopakia magunia juu ya baiskeli, upepo ukiwavuma usoni. Wa mbele alikuwa ameinama akitweta. Wa nyuma alilifuata gurudumu la mwenziwe kwa karibu sana, wala hakuonekana kutaabika. Baada ya mwendo kidogo wakabadilishana nafasi pasipo kuambizana neno.

Ndugu zetu wa visiwani, wanaoujua upepo kwa tanga na kwa majira ya kusi na kaskazi, watatuelewa upesi. Kwa mwenda baiskeli, upepo ni adui hata siku ambayo majani hayatikisiki, kwa sababu mwendo wake mwenyewe ndio unaouzalisha. Anayejificha nyuma ya mwenziwe huweza kuokoa hata theluthi moja ya nguvu zake. Elimu hiyo ya vijana wa Igawa ndiyo msingi wa zile mbio za Ulaya za wiki tatu, ambazo kila siku ina mshindi wake lakini ushindi wenyewe hupimwa kwa jumla ya saa za siku zote. Na katika watu walioifanya elimu hiyo kuwa sanaa, tunamweka mbele Mwitalia Fausto Coppi. Tunamkumbuka kwa ustadi wake, na pia kwa namna alivyokufa, maana kifo chake kinatuhusu sisi kuliko wengi wanavyodhani.

Alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 katika kijiji cha Castellania, vilimani kaskazini ya Italia, katika nyumba ya wakulima maskini. Alipokuwa kijana aliajiriwa na muuza nyama wa mji wa Novi Ligure, akawa anapeleka nyama kwa wateja kwa baiskeli. Ami yake aliyekuwa baharia ndiye aliyempa fedha za kununua baiskeli ya mashindano. Katika mji huo alikuwapo mkandaji mmoja kipofu, Biagio Cavanna, aliyepapasa misuli ya vijana na kutambua kwa vidole nani ana kitu na nani hana. Kipofu huyo akamwona Coppi kabla ya wenye macho.

Mwaka 1940 aliingia katika mbio za kuizunguka Italia akiwa mtumishi tu. Kiongozi wa kikosi chake alikuwa Gino Bartali, bingwa aliyependwa na taifa zima, na kazi ya Coppi ilikuwa kumkinga na upepo, kumletea maji na kumpa gurudumu lake endapo litatoboka. Lakini Bartali alianguka siku za mwanzo baada ya kugongana na mbwa, na ilipofika milima kati ya Firenze na Modena yule mtumishi akaruhusiwa kwenda zake. Akawaacha wote, akavaa jezi ya waridi ya kiongozi, wala hakuivua hadi Milano. Alikuwa na umri wa miaka 20. Siku iliyofuata mwisho wa mbio hizo serikali ya Mussolini iliiingiza Italia vitani.

Vita ilimpokonya miaka yake bora. Mwezi Novemba 1942 alizunguka uwanja wa Vigorelli mjini Milano kwa saa moja, akapita kilomita 45, rekodi iliyodumu hadi 1956. Miezi michache baadaye alikuwa askari wa miguu katika Tunisia, akatekwa na Waingereza mwezi Aprili 1943, akakaa katika kambi za mateka hadi alipopelekwa tena Italia. Ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga bara la Afrika.

Aliporudi mashindanoni watu waliona jambo geni. Mwezi Machi 1946, katika mbio za Milano kwenda San Remo, alichomoka pamoja na wachache mapema mno, zaidi ya kilomita 100 kabla ya mwisho. Akawachosha mmoja mmoja, akafika peke yake dakika 14 mbele ya wa pili. Wengi waliona ni ushupavu wa kijana asiyejua kupima. La hasha. Coppi alijua kwamba anayeshtuka na kukimbia kwa ghafla, kisha akapunguza, kisha akashtuka tena, huichoma akiba yake kama mwenye kumwaga mafuta ya taa motoni. Yeye alitafuta mwendo mmoja ambao mapafu yake yangeuhimili, akaushika bila kuuongeza wala kuupunguza, na kuwaacha wenzake waamue wenyewe ni wapi watakapokatika. Alikula kwa mpango akiwa njiani, kabla njaa haijamfikia. Hatufichi kwamba alitumia pia vidonge vya kuchangamsha mwili, ambavyo zama zile havikuwa vimekatazwa. Yeye mwenyewe hakukana.

Tarehe 10 Juni 1949 ndiyo siku inayotajwa zaidi. Njia ilitoka Cuneo hadi Pinerolo, kilomita 254, ikivuka milima mitano mirefu ya Alpi. Coppi aliondoka katika mlima wa kwanza, akaenda peke yake kilomita 192. Bartali, aliyemfuata wa pili, alifika karibu dakika 12 baadaye. Mtu anayetaka kujua maana yake na apande mwenyewe baiskeli kutoka Igawa hadi Makambako, kisha afikiri kuifanya kazi hiyo mara tano kwa siku moja, pasipo mgongo wa mtu wa kujificha.

Lakini sisi tunaipenda zaidi habari ya mwezi uliofuata, katika mbio za kuizunguka Ufaransa. Katika njia ya Saint-Malo alianguka, baiskeli ikavunjika, na gari la kikosi lenye baiskeli yake lilikuwa mbali. Alikaa kando ya barabara akitaka kurudi kwao. Mkuu wa kikosi, Alfredo Binda, ndiye aliyemsihi aendelee. Jioni ile alikuwa nyuma ya kiongozi kwa zaidi ya nusu saa. Mbio za siku nyingi, hata hivyo, zina rehema yake: zinampa aliyeanguka nafasi ya kulipa kidogo kidogo. Katika milima ya Alpi Coppi na Bartali, mahasimu wakubwa, walipeana zamu ya kukata upepo kama wale vijana wa Igawa, na Coppi akamwachia Bartali ushindi wa siku ile, iliyokuwa siku ya kuzaliwa kwake. Kesho yake Bartali alipopata ajali, Binda alimwamuru Coppi aende. Alifika Paris mshindi, akawa mtu wa kwanza kuzitwaa mbio za Italia na za Ufaransa kwa mwaka mmoja.

Wala hakufanya hayo peke yake. Andrea Carrea, aliyeokoka kambi ya mateso ya Buchenwald, alimtumikia kwa miaka. Mwaka 1952 Carrea alijiunga na kundi lililotoroka, kwa nia ya kulichunga tu kwa niaba ya bwana wake, na jioni akaambiwa kwamba jezi ya njano ni yake. Alilia kwa hofu, akidhani amekosa adabu. Coppi alimpongeza, na kesho yake akaitwaa jezi hiyo mwenyewe juu ya Alpe d'Huez. Alishinda mbio zile kwa dakika 28. Magazeti huandika jina moja, lakini maji ya kunywa yaliletwa na mtu, na upepo ulikatwa na mtu.

Mwaka 1953, akiwa na miaka 33, alikuwa nyuma ya Mswisi Hugo Koblet kwa dakika mbili, siku mbili kabla ya mwisho wa mbio za Italia. Katika kupanda mlima wa Stelvio alimtanguliza kijana Nino Defilippis ashambulie kwanza. Koblet akamkimbilia kijana, akazimaliza nguvu. Ndipo Coppi akaondoka. Huo ulikuwa ushindi wake wa tano katika nchi yake.

Kuvunjika kwa ndoa yake kuliandikwa sana huko kwao, hata kukafika mahakamani mwaka 1955. Tunayaacha hayo yalipo. Nduguye Serse alikuwa amekwisha kufa mwaka 1951 baada ya kuanguka mashindanoni. Coppi aliendelea kuendesha akiwa mzee wa mchezo, akiitwa huku na huko kwa ajili ya jina lake.

Kwa mwaliko wa namna hiyo alikwenda Volta ya Juu, iitwayo Burkina Faso tangu 1984, mwezi Desemba 1959, pamoja na Wafaransa kadhaa. Waliendesha mjini Ouagadougou, wakaenda kuwinda, na usiku mbu waliwala. Coppi alilala chumba kimoja na rafiki yake Raphaël Géminiani. Waliporudi Ulaya wote wawili walishikwa na homa. Huko Ufaransa damu ya Géminiani ilipimwa, ikaonekana malaria kali, akapewa kwinini. Huko Italia waganga wa Coppi waliona mafua na homa ya mapafu. Inasimuliwa kwamba habari ilipelekwa kutoka Ufaransa kuwaonya, isisikilizwe. Alifariki katika hospitali ya Tortona tarehe 2 Januari 1960, akiwa na umri wa miaka 40.

Waganga wale hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wa nchi ambamo malaria ilikuwa imekwisha kusahauliwa. Hapo ndipo tunapoomba watendaji wa afya wa visiwani watusikilize. Unguja na Pemba zimeishusha malaria hadi chini ya asilimia moja ya watu, kazi ya miaka mingi na ya fahari, na sehemu kubwa ya wanaougua huko ni waliotoka safari. Kijana aliyevuna mpunga Usangu hupanda basi jioni, na kesho yake yumo katika boti ya Unguja. Akiingia zahanati na homa, swali la kwanza na liwe alikolala wiki zilizopita, na tone la damu lichukuliwe kabla hajaandikiwa dawa ya mafua.

Castellania iliongezewa jina la Coppi mwaka 2019, miaka 100 tangu azaliwe. Géminiani, aliyeumwa na mbu katika chumba kile kile, alifariki mwezi Julai 2024 akiwa na umri wa miaka 99.